Pampu ya joto Kabale: nani atakurudishia pesa?

Dada, umeuliza kama serikali itakurudishia sehemu ya gharama ukifunga pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la hewa ya nje ili kupasha nyumba au maji) kwako Kabale, kama alivyopata shemeji yako aliye Leeds, Uingereza. Ruzuku yake ni ya nyumba zilizo England na Wales tu: pauni 7,500, na anayeiomba ni fundi aliyesajiliwa, kisha inakatwa kwenye bili ya mteja. Kwa hiyo akija muuzaji wa Kampala akikuahidi pesa kama hizo, mwombe karatasi kabla hujatoa hata shilingi.

Tena shemeji yako anapasha nyumba nzima miezi yote ya baridi. Wewe unataka maji ya kuoga, na hapo msaada wetu uko kwenye jua. Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Uganda imesamehe hita za maji za sola, yaani ile asilimia 18 isionekane kwenye ankara yako. Ikionekana, uliza kwa nini, na usione haya, ni haki yako. Nakusihi uchague tangi lililofunikwa vizuri lisipoteze joto usiku, kwa sababu asubuhi zenu za ukungu ni ndefu, na liwe na kipasha-maji cha umeme cha akiba ndani yake.

Pampu yenyewe si mbaya. Uniti moja ya umeme hutoa kama tatu za joto, basi kwa nyumba ya wageni yenye vyumba vingi ningeifikiria. Kwa familia ya watu watano, anza na sola.