Kwa wanaoanza kusoma historia ya Yesu: jinsi ya kupima ushahidi

Wanafunzi wapya wa historia ya Ukristo wa mwanzo huja na swali moja kubwa: je, Yesu wa Nazareti aliishi kweli, au ni mtu wa kutungwa? Msione haya kuliuliza, hata kama mmelelewa kanisani au madrasa. Karibu wanahistoria wote wa kipindi hicho, wawe Wakristo, Wayahudi au wasio na dini, wanakubali kwamba aliishi. Ila nisingependa mkubali kwa sababu tu wakubwa wamekubali. Baadhi ya ushahidi unaotajwa kila siku ni dhaifu, na ule ulio imara watu wengi wanaupita bila kuutazama.

Kabla ya lolote, tenganisheni kuwepo kwa mtu na yale yanayoaminiwa juu yake. Kwamba alikuwepo mwalimu Myahudi kutoka Galilaya aliyesulubiwa enzi za Kaisari Tiberio ni jambo linaloweza kupimwa kwa maandishi ya wakati ule. Kwamba alifufuka, au kwamba ni Mwana wa Mungu, vipimo vya mwanahistoria havifiki huko. Darasani mtakaa na Waislamu ambao imani yao inamkiri Isa bin Maryam kuwa nabii, lakini Kurani 4:157 inakanusha kusulubiwa kwake. Jadilianeni kwa heshima, na kila mmoja aseme wazi kama anazungumza kutoka kwenye vyanzo vya karne ya kwanza au kutoka kwenye imani yake. Vyote viwili vina nafasi, mradi visichanganywe.

Sasa, mwanzeni wapi? Wengi hukimbilia Injili au waandishi wa Kirumi. Mimi nawashauri mwanze na barua ya Paulo kwa Wagalatia, sura ya kwanza na ya pili. Iliandikwa miaka ya 50 BK, yaani takriban miaka 20 tu baada ya kusulubiwa, na hakuna msomi wa maana anayekataa kwamba ni ya Paulo mwenyewe. Katika 1:18-19 anasema alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa (yaani Petro) siku 15, na hakumwona mtume mwingine ila Yakobo, ndugu yake Bwana.

Tazameni mazingira ya sentensi hiyo. Paulo yuko katikati ya ugomvi. Anataka kuwathibitishia Wagalatia kwamba injili yake hakuipokea kwa wanadamu, kwa hiyo kukutana kwake na wakuu wa Yerusalemu hakumsaidii hata kidogo. Angependa ziara hiyo ionekane ndogo iwezekanavyo. Ndiyo maana katika aya ya 20 anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo. Katika sura ya pili anasimulia jinsi watu waliotoka kwa Yakobo walivyofika Antiokia na kuvuruga mambo, hata akamkemea Kefa mbele ya wote. Hapa tuna mtu aliyemfahamu ndugu wa Yesu na kutofautiana na watu wake, na analitaja jambo hilo kwa kupita tu, kwa wasomaji ambao tayari wanajua Yakobo ni nani. Mtu asiyewahi kuwepo hawi na ndugu ambaye watu wanasafiri kwenda kuonana naye. Kwangu mimi, hakuna ushahidi unaoizidi aya hii.

Baada ya hapo ingieni kwa Josephus, Myahudi aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 37 au 38 na kuandika Mambo ya Kale ya Wayahudi huko Roma mnamo mwaka 93 au 94. Someni kwanza kitabu cha 20. Anasimulia mwaka 62: liwali Festo amekufa, Albinus aliyeteuliwa kushika nafasi yake bado yuko njiani, na kuhani mkuu Anano anatumia mwanya huo kuitisha baraza. Analetwa Yakobo, ndugu wa Yesu aitwaye Kristo, pamoja na wengine, nao wanatolewa wapigwe mawe. Watu wa mji walioshika sheria wanachukizwa, wanalalamika, na mfalme Agripa anamvua Anano ukuhani baada ya miezi mitatu tu. Habari yote inamhusu Anano. Yesu anatajwa ili tu msomaji ajue ni Yakobo yupi, kwa kuwa akina Yakobo walikuwa wengi, na hata akina Yesu: katika habari hiyohiyo yumo Yesu mwana wa Damneo, aliyepewa ukuhani mkuu baada ya Anano. Mkristo wa baadaye aliyetaka kupachika sifa za Bwana wake asingeridhika na maneno makavu kama “aitwaye Kristo”.

Linganisheni na kitabu cha 18, kifungu ambacho wahubiri wanakipenda zaidi. Humo imeandikwa wazi kwamba Yesu “alikuwa Kristo” na kwamba aliwatokea wanafunzi wake akiwa hai siku ya tatu. Myahudi ambaye hakuwahi kuwa Mkristo hawezi kuandika hivyo, na Origen, mwanazuoni Mkristo wa karne ya tatu, anasema bayana kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Wasomi wengi wanaona kuna habari fupi ya Josephus mwenyewe ambayo wanakili Wakristo waliiongezea maneno. Wengine wanakikataa kifungu chote. Mwanafunzi akinukuu kifungu hiki kizima bila kutaja mgogoro huo, mimi humrudishia kazi yake airekebishe, hata kama yote mengine ni mazuri.

Waandishi wa Kirumi msiwape uzito kupita kiasi. Plinio Mdogo, mnamo mwaka 112, anamwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo wa Bithinia, jimbo alilolitawala, wanamwimbia Kristo kama mungu. Hilo ni ushahidi wa ibada yao, si wa maisha ya Yesu. Suetonius anamtaja “Chrestus” aliyechochea fujo kati ya Wayahudi wa Roma, na haijulikani kama anamaanisha Yesu. Tacitus ndiye mzito zaidi. Mnamo mwaka 116, akisimulia moto wa Roma wa mwaka 64, anasema Kristo aliuawa na Pontio Pilato katika utawala wa Tiberio. Anawadharau Wakristo, kwa hiyo hana sababu ya kuwapamba. Lakini msiseme kwamba alichungulia kumbukumbu za serikali. Anampa Pilato cheo cha “procurator”, ambacho watawala wa Yudea walikipata baadaye, na huenda alichosikia ni habari iliyokuwa imeshaenea mjini.

Cheo halisi cha Pilato, praefectus, tunakijua kutokana na jiwe. Mwaka 1961 wanaakiolojia wa Kiitalia waliokuwa wakichimba ukumbi wa maonyesho huko Kaisaria walikuta jiwe la chokaa lililokuwa limegeuzwa kuwa kipande cha ngazi. Upande wa kushoto umelika, lakini mstari wa pili bado unasomeka TIVS PILATVS, na wa tatu unambakizia cheo cha praefectus wa Yudea. Litafakarini jiwe hili kila mnapoambiwa, “Kama Yesu aliishi, mbona Warumi hawakumwandika?” Pilato alitawala takriban miaka 10, akiwa na askari, mahakama na sarafu alizozitoa yeye mwenyewe. Kumbukumbu za ofisi yake hazikubaki hata ukurasa mmoja. Tuna jiwe hilo, sarafu chache, na kutajwa kwake na waandishi wachache. Ikiwa liwali ameachiwa kiasi hicho, fundi wa kijiji cha Nazareti tungemtarajia kwenye daftari gani?

Injili nazo ni vyanzo, msiziweke kando eti kwa kuwa zimeandikwa na waumini. Zisomeni mkitafuta mahali ambapo mwandishi anapata taabu. Mfano mzuri ni ubatizo. Marko anasema bila wasiwasi kwamba Yesu alibatizwa na Yohana, ambaye ubatizo wake ulikuwa wa toba liletalo ondoleo la dhambi. Mathayo anaongeza kwamba Yohana alitaka kumzuia. Injili ya Yohana haisimulii tendo lenyewe la kubatizwa. Jambo ambalo waumini wanahangaika kulieleza hivyo hawakulibuni wao.

Kuhusu vitu vinavyotangazwa kwenye televisheni na kusambazwa kwenye simu, kuweni wagumu. Ile barua ya Lentulus inayoeleza sura na nywele za Yesu haijulikani popote kabla ya Enzi za Kati. Sanduku la mifupa lenye maandishi “Yakobo, mwana wa Yusufu, ndugu wa Yesu” lilitangazwa mwaka 2002. Mwaka uliofuata mamlaka ya mambo ya kale ya Israeli ilisema maandishi hayo yameghushiwa. Mwaka 2012 mahakama ikamwachia mmiliki wake shtaka la kughushi, huku hakimu akisema wazi kwamba hukumu hiyo haithibitishi kuwa maandishi ni ya kweli. Kitu kisichojulikana kilichimbwa wapi msikitegemee, hata kikiwafurahisha.

Kwa wiki ya kwanza, Wagalatia 1 na 2 na sura ya tisa ya kitabu cha 20 cha Josephus zinatosha. Mtandaoni mtapata bure tafsiri ya Kiingereza ya William Whiston ya mwaka 1737, lakini yeye alikiamini kile kifungu cha kitabu cha 18, kwa hiyo msitegemee awaonyeshe penye shaka. Maktaba ikiwa na toleo la Loeb, lenye Kigiriki upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, chukueni hilo. Pembeni ya kila kifungu andikeni kwa penseli nani anasema, mwaka gani, alijuaje, na angefaidika nini kwa kusema hivyo. Tafsiri yenu wenyewe isubiri mpaka pembeni pajae.