Tarakimu tasa ziko nne tu

Swali: Mwalimu wetu aliandika ubaoni kwamba 2,147,483,647 ni "tarakimu tasa". Mimi nimezoea kusema "namba tasa". Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Tanga)

Jibu: Wewe. Na swali lako limegusa kidonda changu cha siku nyingi. Kila siku nasikia "tarakimu za mauzo zimepanda", "tarakimu kubwa ya wapigakura". Tarakimu hazipandi wala hazishuki! Ziko kumi, kuanzia 0 hadi 9, basi. Kilichopanda ni idadi, au kiasi, au takwimu za mauzo.

Tarakimu limetoka Kiarabu, namba Kiingereza. Asili haitufikishi mbali zaidi ya hapo. Cha kushika ni kwamba tarakimu kwa namba ni kama herufi kwa neno. Tunaandika namba kwa tarakimu.

Tuikague namba ya mwalimu wako. Imeandikwa kwa nafasi kumi, lakini tarakimu zilizotumika ni saba tu: 4 imeingia mara tatu, 7 mara mbili, na 0, 5 na 9 hazimo kabisa. Utasa, yaani kutokuwa na kigawo ila 1 na yenyewe, uko wapi humo? 4, 6 na 8 zinagawanyika kwa 2. 1 haihesabiwi kuwa tasa. 2, 3 na 7 ni tasa kweli, ila utasa wao hauhusiani hata kidogo na utasa wa namba nzima. Tarakimu tasa zote ni nne: 2, 3, 5 na 7. Anayesema 2,147,483,647 ni tarakimu tasa anasema ni mojawapo ya hizo.

Utasa wa namba hii ulithibitishwa kwa jasho. Mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg na macho yake karibu yamekufa, alionesha kwamba namba hii, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, haina kigawo ila 1 na yenyewe. Alijua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63, na kwamba hakuna haja ya kutafuta kupita 46,340. Hakuna mahali alipohitaji kutazama sura ya tarakimu. Iandike namba hiyohiyo kwa 0 na 1 tu, kama kompyuta inavyofanya, utapata tarakimu 31, zote 1. Tarakimu zimebadilika zote, namba ni ileile, na bado ni tasa.

Mtu akiniambia namba ya simu ina "namba kumi", siku hizi namwacha apite, nimechoka. Ndugu zetu wa Kenya wakisema "nambari tasa", hawajakosea. "Mshahara wa tarakimu saba" ni Kiswahili safi, na hundi inayotaka kiasi "kwa tarakimu na kwa maneno" imesema sawasawa. Lakini ubaoni, mbele ya wanafunzi wanaohangaika kutenganisha kigawo na kigawe, "tarakimu tasa" ya nafasi kumi siikubali, na mwalimu wako aifute.