Mkufunzi anatazama nini: kwa vijana wa Lubumbashi wanaoingia jeshini

Wadogo zangu, swali mnaloniuliza kuliko yote ni moja: "Muzee, huko wanapiga?" Tangu Novemba 2022, Rais alipowaita vijana wajiandikishe, nimeulizwa hivyo kwenye komuni ya Katuba, nimeulizwa kwenye komuni ya Kenya, nimeulizwa hata mlangoni mwa kanisa. Mama zenu nao huuliza, wao kwa sauti ya chini. Nitajibu, tena kwa kirefu, ila nina la kutanguliza. Mkienda na swali hilo peke yake kichwani, mtapitisha miezi mkichunga mkono wa mkufunzi. Chungeni macho yake. Angalieni yeye anaangalia nini.

Sisi wastaafu wa jeshi tukikutana jioni, mazungumzo hayapiti mbali kabla hatujafika kwa watu waliotufundisha. Matusi yao wengi tumeyasahau. Maswali yao tunayakumbuka. Wangu alikuwa sajenti mfupi, mtu wa Équateur, na kila jioni baada ya chakula alipita katikati ya mistari, akasimama mbele ya mmoja wetu na kuuliza: anayelala kushoto kwako anaitwa nani? Ametoka wapi? Leo amekula? Ana kidonda wapi? Ukishindwa kujibu, ulikimbia kuzunguka uwanja, na yule wa kushoto alikimbia pamoja nawe kwa sababu naye hakujitambulisha. Tulimchukia. Siku zikapita, tukaanza kuulizana wenyewe usiku ili kesho yake tusikimbie. Kijana wa Kasenga akajua kwamba mwenzake wa Kwilu ameacha mke mwenye mimba. Mimi nikajua kwamba jirani yangu haoni vizuri gizani na alikuwa anaficha. Kufikia hapo hatukuwa tunaulizana kwa hofu ya kukimbia tena, na yeye akaacha kuuliza.

Ndiyo maana nawaambia kwamba mkufunzi anayeijua kazi yake hatafuti kijana mwenye misuli. Anatafuta kijana anayemwona mwenzake. Mengine yote atakufundisha, hata kama ulikuja mnene na mzito wa miguu. Hilo moja ni gumu kulifundisha kwa maneno, basi analifundisha kwa adhabu ya wote.

Adhabu ya wote itawauma sana, hasa ninyi watoto wa mjini. Tarumbeta imelia, mmoja amechelewa kufika kwenye mstari, na kundi zima linalazwa kifudifudi kwenye umande. Utajisemea: mimi niliwahi, nimekosa nini? Kosa lako ni kwamba ulivaa buti zako ukatoka, ukamwacha anapapasa mkanda wake gizani. Hilo ndilo mkufunzi aliloliona. Atalirudia mpaka mtu aanze kuamka mapema kidogo na kuwaamsha wenzake, mpaka ninyi wenyewe mpatane jioni kila kitu kikae wapi: mkanda juu ya buti, kofia juu ya mkanda, wote kwa utaratibu mmoja, ili hata mkono wa jirani uweze kukupatia chako bila taa. Kikundi kinachofika hapo, adhabu hupungua. Nimeliona kwa makundi mengi, na wenzangu waliofundishwa Kitona na Kotakoli wanasimulia hivyo hivyo.

Kuna njia mbaya ya kuitikia adhabu hiyo, na inaumiza watu. Baadhi huamua kumtia adabu yule mzito usiku, wakimfunika blanketi na kumpiga. Msithubutu. Aliye mzito leo anaweza kuwa mtu mwenye malaria inayoanza, au mwenye kidonda alichoona aibu kukionyesha. Mpeni mwenye mbio akimbie kando yake. Mpeni aliyesoma amsomee. Na mfanye hivyo mkufunzi asipokuwepo, kwa sababu anayesaidia ili aonekane hutambulika upesi sana.

Mtoto wa dada yangu alihamia Marekani na familia, na huko akaingia jeshi la nchi kavu. Mafunzo yao ya mwanzo ni wiki 10, na wakufunzi wao mmewaona kwenye picha, wale wa kofia yenye ukingo mpana, waliyoanza kuivaa mwaka 1964. Nilitaka kujua kama naye aliteswa na kelele. Akasema kelele zilikuwepo, tena nyingi, lakini jambo aliloshikiwa tangu mwanzo ni hili: kila kurutu anapewa mwenzake, na hawezi kutembea peke yake kambini, iwe kwa daktari au pengine popote, bila huyo mwenzake. Akaniambia pia kwamba mkufunzi akitaka kumshika mabega kurutu ili kumnyoosha mkao, humwambia kwanza kwamba atamgusa. Nililifikiria hilo muda mrefu. Nchi nyingine, lugha nyingine, lakini mzizi wa kazi ni ule ule.

Kuhusu kelele zenyewe. Atakupigia kelele sikioni wakati unafungua bunduki, wakati unafunga kamba za buti, wakati unahesabu. Hakuchukii. Anataka vidole vyako viendelee na kazi wakati kichwa kimejaa sauti, kwa kuwa siku ya risasi hakuna atakayekunyamazia. Pumua, sikiliza amri iliyomo ndani ya kelele, jibu kwa kifupi. Usieleze mpaka uulizwe. Usicheke, hata mwenzako akianguka vibaya. Na jifunze Lingala sasa, kabla ya kuondoka. Tangu enzi za Force Publique, jeshi la ukoloni wa Wabelgiji, hiyo ndiyo lugha ya jeshi letu. Kiswahili kiliongezeka baada ya 1997 lakini hakikuiondoa. Anayeambiwa telema akabaki amekaa ataonekana mkaidi, kumbe hakuelewa tu. Telema (simama), fanda (kaa), noki (upesi), kanga monoko (funga mdomo): anza na hayo, mengine utayaokota uwanjani.

Mtaitwa bleu, yaani mgeni asiyejua kitu, kama wale wanaoingia UNILU, chuo kikuu chetu cha hapa. Lipokeeni tu.

Sasa bunduki. Yule sajenti wetu alifunga watu macho kwa kitambaa na kuwapa AK, akataka wamwambie kwa kusikiliza tu iko katika hali gani. Ile chuma ndefu ya upande wa kulia ikiwa juu kabisa, bunduki imefungwa. Ukiishusha, mlio wa kwanza unaosikia ni wa risasi za mfululizo, na mlio wa pili, chini kabisa, ndio wa risasi moja moja. Mtu mwenye hofu huishusha kidogo tu, anavuta, na magazini yake ya risasi 30 imekwisha kabla hajalenga chochote. Askari wengi wamekufa wakiwa na bunduki nzima isiyo na risasi mikononi mwao. Kwa hiyo mkufunzi akikurudisha kwenye milio hiyo miwili mpaka ukachoka, mshukuru. Vivyo hivyo utaratibu wa kuitoa risasi: magazini inatoka kwanza, ndipo unavuta nyuma kile chuma kingine, cha kupakia, kutupa risasi iliyobaki ndani, ndipo unatazama kwa jicho lako. Ukivuta kwanza na magazini bado imo, umeingiza risasi nyingine huku ukiamini bunduki ni tupu. Wengi wanaopigwa risasi kambini hupigwa na bunduki "tupu" ya rafiki. Kidole kikae nje ya kifyatulio, mdomo wa bunduki usipite mbele ya mtu. Hapa mkufunzi akikupigia kelele mpaka mishipa ya shingo imsimame, ana haki yote.

Mwili: buti zizoeshwe kabla, ukiweza. Lengelenge la mguu ulionyeshe siku ile ile, usingoje lipasuke. Kamina, kwenye kambi ya mafunzo, usiku wa Juni na Julai baridi ni kali kama yetu hapa, beba sweta. Septemba na Oktoba ni joto: kunywa maji kabla ya kusikia kiu, na mwenzako akianza kuongea maneno yasiyo na mpango kwenye mbio, au akayumba, sema kwa sauti, "Shefu, huyu anaumwa!" Sema hata ukiogopa. Mkufunzi mwema atakasirika kwa dakika moja, kisha atakushukuru kimyakimya. Chandarua usikiuze. Nalitaja kwa sababu wapo wanaokiuza.

Nirudi kwa swali lenu. Ndiyo, wapo wanaopiga. Nami nasema wazi kwamba fimbo haijawahi kumfundisha askari kitu. Babu zetu wa Force Publique walilelewa kwa kiboko. Walipigana Abisinia wakafika Saio mwaka 1941, wakashinda, na sifa hiyo ni yao. Lakini nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 hapakuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani katika jeshi hilo. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa, na siku hiyo hiyo kambi ya Thysville (leo Mbanza-Ngungu) ikaasi. Watu waliozoezwa kutii kwa kuogopa, hofu ilipoondoka hawakubaki na kitu cha kuwashika.

Mwenzetu mmoja wa hapa Katuba alikuwa kadogo katika vita ya 1996 na 1997. Alichukuliwa bado mtoto, akafundishwa msituni na watu ambao majina yao hakuyajua. Sisi tukisimulia, mmoja anakumbuka somo la ramani, mwingine wimbo wa mbio, mwingine namna ya kuchimba shimo la kujikinga. Yeye anakumbuka fimbo ilivyokuwa, urefu wake na mti wake, na hawezi kukumbuka somo hata moja. Nina uchungu naye kila anaposimulia. Leo sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kumwandikisha aliye chini ya miaka 18. Mdogo wako wa miaka 16 akitaka kudanganya umri ili afuatane nawe, mrudishe nyumbani wewe mwenyewe. Usimwachie ofisa wa uandikishaji kazi hiyo.

Basi mtamtenganishaje mkali na mkatili? Mkali anakimbia nanyi, au angalau anasimama kwenye mvua ile ile. Anawaadhibu mchana, mbele ya watu, na kosa linatajwa. Anajua nani ana homa. Adhabu ikiisha, imeisha. Mkatili anamchagua mtu mmoja na kurudi kwake kila siku, anaita watu faragha, anafurahia. Na kuna wa tatu, ambaye simfichi: anayetaka pesa. Atakuuzia ruhusa ya kupumzika, atakata kwenye bukari (ugali) yenu na maharage kisha awauzie kilekile. Ukilipa mara moja, umejiandikisha kulipa mpaka mwisho. Kundi linalopatana kwamba hakuna atakayelipa humchosha, naye huenda kutafuta kundi lisilopatana. Nimeona kituo kimoja ambako vijana walishikana hivyo, na yule mtu alihamishwa kabla ya mafunzo kuisha.

Ninyi mabinti, nawaomba hili kama baba. Mkufunzi akikuita ofisini au chumbani kwake baada ya giza, usiende peke yako, hata kama ni amri. Nenda na mwenzako, msimame mlangoni wawili, mpige saluti wawili. Na wavulana mlio jirani mkiona binti ameitwa, fuateni kwa macho na mkumbuke saa. Ushuhuda wa watu watatu hauzimwi kirahisi kama wa mmoja.

Katiba yetu ya 2006, ibara ya 28, inasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Ijue kwa moyo. Usiitumie kukataa kufagia uwanja, utaidhalilisha. Itunze kwa siku utakayoambiwa umpige raia au umwibie mama wa sokoni. Yule sajenti wangu hakuwa mwanasheria, lakini alituambia kwamba siku hiyo itakuja kwa kila askari wa nchi hii, na kwamba ataulizwa na Mungu kama alituandaa. Sijawahi kusikia mkufunzi mwingine akisema hivyo, na ni kwa ajili ya neno hilo namheshimu mpaka leo.

Kabla ya kuondoka, acheni nyumbani nakala ya karata ya mpiga kura na ya cheti cha kuzaliwa, kwa sababu za kwenu zinaweza kulowa au kupotea. Andikeni namba za simu za familia kwenye karatasi. Simu zinaweza kuchukuliwa, na vijana wengi siku hizi hawajui hata namba ya mama kwa kichwa. Mwenye pumu aseme. Mwenye kifafa aseme. Na zaidi ya wote, yule ambaye katika ukoo wake kuna SS, yaani ugonjwa wa selimundu, ambaye tangu utotoni anaumwa mifupa na kuongezewa damu, asiende kujificha kwenye mbio za jeshi. Mbio ndefu kwenye joto bila maji ya kutosha zinaweza kumuua, na hakuna mkufunzi, mkali au mpole, atakayeona ugonjwa huo kwa kutazama uso tu. Kipimo ni cha damu, kinafanyika hospitalini hapa mjini. Kifanyeni kabla ya kupanda treni ya Kamina.