Simu haikupi meza ya kusomea

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini sisi vijana tuunge mkono pesa za maktaba mpya mjini ilhali kila mtu ana simu. Mimi nilikulia chumba kimoja, watu sita, redio ikilia hadi usiku. Kilichonitesa kabla ya mtihani si kukosa vitabu, ni kukosa mahali pa kukaa nikasoma. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa 1931 kwa Wazungu pekee. Leo mtoto wa Kaloleni, mtaa wa Nairobi hiyo hiyo, ana tawi lake la maktaba hiyo mtaani. Kwa Katiba ya 2010 maktaba ni jukumu la kaunti, kwa hivyo twende tukatoe maoni ya bajeti. Tudai na mshahara wa mkutubi, maana jengo lisilo na mkutubi hugeuka stoo.