Niuze udi wangu au niendelee?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nina miaka 31 niko Unguja, najifunza kupiga udi huu wa nyuzi mwaka sasa na bado nikipiga sauti zinatoka pembeni, halafu mtoto wa shangazi yangu kaanza juzi tu, anasikia wimbo mara mbili anaupiga. Nyumbani washaniambia muziki mtu anazaliwa nao, niuze tu udi nipumzike. Kweli bila kipaji mazoezi hayasaidii?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiuze.

Kipaji kipo, siwezi kukudanganya, kuna watu sikio lao linashika haraka na binamu yako ni mmoja wao. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake waliandika kuhusu wanafunzi wa fidla kule Berlin, wale bora kabisa walipofika miaka 20 walikuwa na wastani wa zaidi ya masaa 10,000 ya mazoezi ya peke yao, basi watu wakaishika hiyo namba kama dawa. Mwaka 2019 utafiti ukarudiwa Marekani, wale bora na wale wazuri tu wote wakawa kwenye masaa kama 11,000, wa chini yao kama 6,000. Yaani kuwapita wazuri wote masaa peke yake hayakutoshi, lakini kuwafikia hao wazuri bila masaa ni shida kwelikweli, na wewe hujaniambia unataka kuwa wa kwanza duniani, unataka upige vizuri.

Sasa hizo sauti za pembeni. Udi hauna freti kama gita, vile vijichuma vya shingoni vinavyogawa sauti, kidole kikisogea kidogo tu ushatoka, na ukiingia Rast au Bayati, hizi maqamu yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kuna sauti zinakaa katikati ambazo kwenye piano ya kawaida huzipati kabisa, kwahiyo sikio ndo linaongoza mkono. Acha kupiga wimbo mzima kila siku ukirudia makosa yaleyale. Chukua kipande kifupi, kiimbe kwanza kwa mdomo mpaka kikae, ndo ukipige polepole, jirekodi na simu usikilize wapi kidole kimekwenda juu au chini. Dakika 20 za hivyo kila siku ni bora kuliko masaa matatu ya Jumamosi. Na huyo binamu mwombe akupigie sentensi moja moja wewe umfuate, mbona mwalimu unaye hapohapo nyumbani!

Ila kabla ya yote angalia vigingi vya kukazia nyuzi, hewa yetu ya pwani ina unyevu na mbao inacheza, kama vinateleza mpelekee fundi, maana udi usioshika sauti hata bingwa akiupiga utamsikia anakosea.