Usimfungue huyo bigo mbele ya fezanti

Usimfungue huyo mbwa. Nimesoma swali lako mara mbili nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, na nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani, kwa sababu karibu kila ulichopanga kukifanya mwezi wa kumi nilikifanya mimi miaka 6 iliyopita na gharama yake naikumbuka hadi dola ya mwisho. Umesema umehamia Iowa, hapa Marekani, mwaka jana, una bigo (mbwa mdogo wa kufuata harufu) dume wa miezi 7, wenzako wa kazini wamekualika kuwinda fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kanga na kwale, msimu utakapofunguliwa, na aliyekuuzia mbwa amekushauri umwanzishie sungura majira haya ya joto ili pua yake ifunguke, kisha umwachie ndege. Umeuliza kuhusu kola ya umeme, ile ya kumshtua mbwa kwa kubonyeza kitufe ukiwa mbali, chakula kinachomfaa mbwa wa kuwinda, na banda la kumlaza wakati wa baridi. Kabla ya yote hayo, mdogo wangu, sikiliza habari ya kamba.

Nami niliambiwa kwamba pua ni pua, na kauli hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilikulia Kasulu, ambako tulipokwenda kuwinda kwale na kanga tulifuatana na mbwa wowote waliokuwapo nyumbani. Mbwa alinusa, ndege akaruka, nasi tukarusha marungu. Hapakuwa na bunduki wala senyenge ya jirani, kwa hiyo sikuwahi kujiuliza mbwa anafika umbali gani kutoka nilipo mimi. Nilipofika Waterloo, mji wa hapa Iowa, na kununua bigo kwa dola 650, niliamini nimepata pua bora kuliko zote nilizowahi kuzifuata, na kuhusu pua sikukosea hata kidogo. Nilikosea kuhusu kazi ambayo pua ile iliumbiwa.

Bigo alizalishwa Uingereza kwa ajili ya sungura. Huinamisha pua chini, hufuata harufu iliyoachwa na nyayo, na hupaza sauti njia nzima ili mwenyewe ajue alipo. Sungura akifukuzwa namna hiyo hapendi kuhama eneo analolijua: hukimbia, huzunguka, na baada ya muda hurudi karibu na pale alipoamshwa, ambapo wewe umesimama na bunduki ukimngoja. Mbwa anaweza kuwa mita 200 kutoka kwako na bado anakufanyia kazi. Fezanti hazunguki. Jogoo wa fezanti akisikia sauti ile hukimbia kwa miguu ndani ya matete au kati ya mistari ya mahindi, moja kwa moja, na huruka pale tu kichaka kinapokwisha. Marisau ya bunduki hayana kazi ya maana kupita mita 35 hivi, na ukilazimisha zaidi ya hapo utajeruhi ndege atakayekwenda kufia mbali. Kwa hiyo ndege anayefurushwa na mbwa aliye mita 100 mbele yako si wako tena. Mbwa aina ya spanieli hupita kushoto na kulia mbele ya mwindaji ndani ya umbali wa bunduki. Mbwa aina ya pointa huinua pua, akashika harufu ya mwili wa ndege inayoletwa na upepo, kisha husimama tuli hadi ufike. Bigo hakurithi lolote kati ya hayo. Wala hawa ndege wenyewe si wageni wa kuwindwa. Asili yao ni Asia, na hapa jirani, Cedar Falls, mwanzoni mwa karne ya 20 tufani ilibomoa mabanda ya mfugaji mmoja wakatoroka ndege karibu 2,000, ambao walichangia sana kueneza fezanti katika jimbo hili. Wamekwisha kukimbia mbwa kwa zaidi ya miaka 100, nao wanaijua kazi hiyo.

Kanuni yangu ni moja, na nakuomba uiandike mahali utakapoiona kila siku: mbwa wa kufuata harufu havuliwi kamba mbele ya ndege mpaka awe anageuka kwa filimbi moja akiwa juu ya harufu mbichi. Usihesabu mara anazogeuka akiwa uani, wala mara anazogeuka akiwa na njaa nawe umeshika kipande cha nyama. Hesabu zile tu anazogeuka sauti ikiwa imekwisha kuanza kumtoka.

Mimi sikungoja. Msimu ulipofunguliwa, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, tulikuwa watu watatu pembeni mwa shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Mwenye shamba, mzee ambaye nilimsaidia kupakia marobota ya nyasi majira yote ya joto, alikuwa ametupa ruhusa ya kuwinda kwake, na kwa Iowa ruhusa ya namna hiyo ni mali, kwa kuwa karibu ardhi yote ni ya watu binafsi. Saa 2 kamili asubuhi, saa ambayo sheria inaruhusu kuanza, nilishika kibanio cha kamba. Umande ulikuwa umeganda juu yake, nikakipulizia pumzi mara mbili ndipo kikafunguka. Mbwa alikuwa akitetemeka mwili mzima, ncha nyeupe ya mkia wake ikichapa magugu makavu, na hata kabla sijasimama wima alikuwa amekwisha kuingia kwenye matete.

Haikupita dakika 5 akapaza sauti. Wenzangu walifurahi, nami nilifurahi kuliko wao. Kisha majogoo wanne wakaruka mmoja baada ya mwingine mwisho wa matete, mbali kiasi kwamba hakuna aliyeinua bunduki. Nikapuliza filimbi. Nikapuliza tena. Sauti ya mbwa ikabadilika, ikawa ya juu na ya haraka zaidi, na tangu siku hiyo naijua sauti hiyo hata usingizini: alikuwa ameacha ndege na kushika kulungu. Hapa hairuhusiwi kuwinda kulungu kwa mbwa, achilia mbali kuwafukuza ndani ya malisho ya mtu. Alipenya chini ya senyenge ya jirani, ng'ombe wakatimka na kuvunja kona ya uzio, na sauti yake ikaendelea kufifia upande wa mto mpaka haikusikika.

Tulimtafuta hadi usiku. Nilifanya kama walivyonielekeza wawindaji wa zamani: nikavua koti langu, nikalitandaza pale nilipomfungulia na kuweka bakuli la maji kando yake, kwa sababu mbwa aliyepotea mara nyingi hurudi alikoanzia na hukaa penye harufu ya mwenyewe. Jumapili alfajiri koti lilikuwa na barafu juu yake na hapakuwa na mbwa. Jumatatu alfajiri nilimkuta. Alikuwa amejikunja juu ya koti, pua ameiingiza ndani ya mkono wa kushoto, mguu wa nyuma umevimba, na kutoka barabara ya changarawe hadi pale nyasi zilikuwa zimelala kwa mstari mmoja, ule aliojikokota. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Daktari wa mifugo aliufunga kwa bamba la chuma na skrubu, nami nililipa dola 3,400 kwa miezi 14.

Fedha nilizimaliza kulipa. Ruhusa sikuipata tena. Yule mzee alinikaribisha jikoni kwake, akanimiminia kahawa, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba amekaa na jirani yake miaka 40 bila ugomvi na hawezi kuuanza kwa ajili ya ndege. Sikuwa na la kumjibu. Na kila nilipomtazama mbwa nilizidi kuona kwamba hakuwa ameasi. Majira yote ya joto nilikuwa nimemfundisha, jioni baada ya jioni, kwamba nikikufungua, fuata harufu hadi mwisho wake, nikimsifu na kumlisha kwa kufanya hivyo. Siku ya msimu kufunguliwa alinitii.

Ndiyo maana yule aliyeniuzia sijamsamehe. Alikuwa amefuga na kuuza bigo kwa zaidi ya miaka 20. Alijua kwamba sungura huzunguka na fezanti hazunguki; hakuna anayefuga mbwa hawa hata mwaka mmoja asilijue hilo. Aliniuliza ninataka kuwinda nini, nikamwambia ndege, akanitazama usoni akaniambia pua ni pua. Nilipompigia simu mbwa akiwa bado mezani kwa daktari, alisema sikuwa mkali vya kutosha na ningenunua kola ya umeme yasingetokea. Mtu anayeuza kiumbe hai kwa mgeni asiyejua, kisha akamlaumu mgeni na kiumbe pamoja, hana haki ya kuitwa mwalimu wa mbwa. Nawe umeuziwa kwa maneno yale yale, na nimeyasoma kwenye swali lako mkono ukinitetemeka.

Kwa kuwa umeuliza kuhusu hiyo kola, nitakueleza kilichonipata nilipomsikiliza mtu yule mara ya pili. Mbwa alipopona nilimvalisha, na alipoanza kupaza sauti juu ya harufu ya jogoo nikabonyeza. Hakuunganisha maumivu na kukimbia mbali. Aliyaunganisha na ndege. Tangu hapo akikuta harufu ya fezanti hukunja mkia na kupita kando. Kola ina kazi kwa mbwa ambaye tayari anaelewa filimbi, kama ukumbusho mdogo. Kwa mbwa asiyeelewa, inafundisha woga.

Kwa hiyo acha sungura kuanzia leo. Mfunge kamba ya mita 10, nyepesi, inayoburuzika kwenye nyasi bila kunasa, na ikanyage kila anapotaka kupita mwisho wake. Puliza filimbi mara moja tu, mvute kwako ikiwa hakuja, mlishe akifika, na urudie hadi uchoke wewe kabla yake. Akishazoea, buruta bawa la ndege nyasini, mwache ashike harufu, kisha mwite katikati. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na kwa bigo huchukua miezi. Bigo wangu wa pili, jike, alimaliza msimu mzima wa kwanza na kamba shingoni huku wenzangu wakipiga ndege kwa spanieli zao. Msimu wa pili nilimfungua kwenye ukanda mwembamba wa nyasi kando ya kijito, mwenzangu akiwa amesimama mwisho wake ili jogoo asipate pa kukimbilia. Alipaza sauti, nikapuliza, akasimama na kugeuza kichwa, sikio moja likiwa limepinduka na lina mbegu za magugu. Nikamruhusu aendelee, na jogoo akaruka mita 20 mbele yangu. Mbwa wa kufuata harufu hufaa mahali pembamba kama hapo, na hasa wale wa mwendo wa pole kama baseti. Mbwa wakubwa wanaofukuza rakuni (mnyama wa msituni wa hapa) usiku usiwafikirie kabisa kwa ndege.

Ikiwa moyo wako uko kwa ndege tu, tafuta spanieli, na huyo bigo mwache awe mbwa wa sungura kama damu yake inavyotaka. Fezanti hufungwa tarehe 10 Januari, lakini sungura tunawinda hadi mwisho wa Februari, na wa kwangu wa kwanza bado anawafuata akiwa na bamba lake pajani, anachechemea tu kukiwa na baridi kali. Ukiwang'ang'ania fezanti, kamba haitoki msimu huu, wenzako waseme watakavyosema.

Katika picha uliyoweka, mbwa amesimama kwenye nyasi nyuma ya nyumba, mkia juu, pua imeelekea uwazi wa uzio, na shingoni hana kitu. Maduka ya vifaa vya wakulima yana kamba za mita 10 zisizofika dola 20. Pitia huko leo kabla hayajafungwa.