Afisa anataka andiko, mimi nimempelekea taarifa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake wanane, tunatengeneza sabuni ya maji. Tunataka kuomba mkopo wa halmashauri. Nimeandika kurasa sita nikaziita "Ripoti ya Mapendekezo ya Mradi". Afisa maendeleo ya jamii amenirudishia na kuniambia, "Mama, hii ni taarifa. Niletee andiko, na liwe na mchanganuo." Kwani maneno haya si yale yale?

JIBU: Marahaba, katibu. Si yale yale, na afisa hakukuonea. Nimezisoma kurasa ulizonitumia. Kazi mliyofanya inaonekana wazi, ila karibu kila sentensi ina -li- au -me-: tulianza, tulinunua, tumeongeza wateja. Hiyo ndiyo taarifa.

Taarifa na ripoti ni pacha. Taarifa ni ya Kiarabu kwa asili, ukoo mmoja na arifu, maarifa na maarufu. Kazi yake ni kumjulisha mtu jambo. Ripoti tumeitoa kwa Waingereza. Tanzania kikundi hupeleka taarifa ya mapato na matumizi, lakini nyaraka ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kila mtu huiita ripoti. Kenya ripoti ndiyo imeshika zaidi, na taarifa imeelemea kwenye habari. Lolote utakalochagua kati ya hayo mawili, msomaji atatarajia yaliyokwisha kufanyika. (Na ni taarifa hii, taarifa hizi. "Mataarifa" tuyaache.)

Andiko linatazama mbele, na lina ombi ndani yake. Neno lenyewe ni pana, hata Maandiko Matakatifu yametoka humo, lakini ukisema andiko la mradi kwenye ofisi ya kata kila mtu anajua ni ile karatasi inayosema tunataka kufanya nini, kwa fedha kiasi gani, kwa muda gani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hii: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vinavyoigombea ni vingi. Anayesoma andiko lako anatafuta sababu ya kusema ndiyo, na sababu hiyo haimo katika historia ya kikundi peke yake.

Kuhusu pendekezo, hapa ndipo ulipojikwaa, na si wewe tu. Kuna wanaoliita andiko hilohilo "pendekezo la mradi", na vyuoni utasikia pendekezo la utafiti. Si kosa. Lakini likiingia kwenye wingi linabadilika: mapendekezo ni ile sehemu ya mwisho ya ripoti, ambapo mwandishi anashauri kifanyike nini baada ya yale aliyoyaona. Kwa hiyo "Ripoti ya Mapendekezo" inamfanya afisa adhani umefanya uchunguzi na sasa unamshauri yeye. Wewe humshauri, unamwomba.

Mchanganuo ndilo neno ninalolipenda kuliko yote hapa. Kama vile kunja inavyozaa kunjua, na funga ikazaa fungua, changanya na changanua ni kufunga na kufungua. Ukitengeneza sabuni unachanganya. Ukiandika mchanganuo unavirudisha vitu mahali pake kimoja kimoja. Tuseme lita moja inawagharimu shilingi 900, yaani malighafi, chupa na usafiri, nanyi mnaiuza 1,500. Zinabaki 600. Kwa lita 200 mnazouza kila wiki, hizo ni shilingi 120,000, na humo ndimo rejesho la mkopo litakamotoka. Wewe umeandika "mradi una faida kubwa". Hapo bado umechanganya, hujachanganua.

Sasa sentensi moja yako, iliyo ukurasa wa nne:

"Kikundi kimepanga kuweza kuhakikisha kwamba uzalishaji unafanyika kwa kiwango cha juu."

Vitenzi vinne, na hakuna anayefanya kitu. Iandike hivi:

"Kikundi kitanunua mashine moja ya kuchanganyia na kuongeza uzalishaji kutoka lita 200 hadi lita 500 kwa wiki."

Jambo jingine dogo: umeandika "tungependa kuomba" na "tungenunua mashine". Kiambishi -nge- kinabeba shaka, kana kwamba ninyi wenyewe hamuamini. Andika tunaomba. Andika tukipata mkopo huu, tutanunua. Adabu ya Kiswahili haipungui, tunaomba ni neno lenye heshima tele.

Kwenye jalada weka: Andiko la Mradi wa Kutengeneza Sabuni ya Maji. Zile kurasa sita usizitupe. Ziite Taarifa ya Utekelezaji, uzipachike nyuma kama kiambatisho, pamoja na muhtasari wa kikao mlichokaa mkaridhia kuomba mkopo. Na kwa kuwa ukurasa wako wa kwanza nao umeuita "Muhtasari", uandike kwa ukamilifu "Muhtasari wa Andiko", afisa asije akadhani ndio wa kikao.